Chuo cha jioni, kozi ya mtandaoni au mwenzako wa meza ya pili: mfanyakazi asomee kompyuta wapi?

Mwaka 2023 zabuni za serikali ya Tanzania zilihamia kwenye mfumo wa NeST, na mzabuni asiye na akaunti humo hana pa kupeleka bei yake. Kenya nayo ilibana upande wa kodi: tangu 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (KRA), haikubaliwi kupunguza kodi, ukiacha zile chache zilizosamehewa. Ofisi nyingi ndogo zikajikuta na mtu mmoja tu anayeujua mfumo, na siku akiugua kazi inalala. Nyingine hazina hata huyo mmoja. Karatasi zinapelekwa steshenari ya mtaani, Kenya wangesema saiba, na kijana wa pale anapewa nywila ya kampuni ajaze fomu anavyojua.

Mwenye ofisi akishachoka na hali hiyo huuliza: watu wangu niwapeleke wapi wakasome? Majibu yapo mengi, na kila mwenye kozi anaisifu yake. Hapa nazipanga njia nne nikiwafikiria watu wawili: mwenye ofisi ya watu watano hadi arobaini, na mfanyakazi anayetaka kujisomesha kwa fedha yake. Shirika lenye idara yake ya TEHAMA na fungu la mafunzo lina hesabu nyingine.

Kwanza, pengo lenyewe

IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, lilikadiria mwaka 2019 kwamba ifikapo 2030 kazi zipatazo milioni 230 Afrika kusini mwa Sahara zitahitaji ujuzi fulani wa kidijitali. Makadirio yaliyofuata yaliiweka Kenya juu ya nchi nyingine nne zilizochunguzwa pamoja nayo: asilimia 50 hadi 55 ya kazi zote. Namba hizi hunukuliwa sana kwenye makongamano, kisha mazungumzo yanarukia akili mnemba na kuandika programu. Lakini makadirio hayohayo yanasema sehemu kubwa ya mahitaji ni ujuzi wa msingi: kutumia programu za ofisi, kutafuta na kutunza taarifa, kuwasiliana, kujilinda na matapeli wa mtandaoni.

Ukipita ofisini utaliona. Mhasibu anaingiza mauzo kwenye Excel, anajumlisha kwa kikokotoo, kisha anaichapa jumla kwa mkono kwenye seli ya chini. Katibu muhtasi ana mikataba inayoitwa "Document1", "Document1 mpya" na "Document1 mpya kabisa". Orodha ya wateja, pamoja na simu na namba za vitambulisho vyao, inarushwa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi ambamo bado yumo mtu aliyeacha kazi mwaka juzi. Hili la mwisho linaweza kukufikisha pabaya: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023.

Wala si ugonjwa wa ofisi masikini. Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilikiri kwamba majibu 15,841 ya watu waliokutwa na korona hayakuingia kwenye hesabu za kila siku kwa wakati wake. Data zilikuwa zikipitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Lilipojaa, waliobaki wakaachwa nje na hakuna aliyeshtuka.

Kwa hiyo kabla hujalipia chochote, kaa na mfanyakazi nusu saa. Mtihani hauhitajiki. Mwombe akuoneshe kazi yake ya jana: faili amelihifadhi wapi, jumla ameipataje, likifutika leo atalirudishaje. Hapo utagundua kuwa watu wako si kundi moja. Yupo anayeogopa hata kushika kipanya. Yupo anayedhani anaijua Excel. Na mara nyingi yupo anayeweza kuwafundisha wenzake, ila hakuna aliyewahi kumwomba.

Chuo cha jioni

Kwa mtu asiyewahi kushika kompyuta, chuo ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwalimu wa chuo amezoea wanafunzi wa namna hiyo, mashine zipo, na hakuna bosi anayechungulia begani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, ina kozi fupi za kompyuta katika vyuo vyake mikoani. UCC, kituo cha kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni jina la siku nyingi kwa watu wa maofisini. Vyuo binafsi vya "pakeji", yaani programu za ofisi kama wanavyoziita Kenya, viko karibu kila mji. Ukitaka cheti kinachofahamika nje ya mipaka, uliza kama chuo ni kituo cha mtihani wa ICDL, mfumo ulioanzia Ulaya miaka ya 1990 kwa jina la ECDL. Kule mtu hupimwa moduli mojamoja, hivyo anaweza kufanya ya Excel peke yake akaziacha nyingine.

Shida ya chuo ni mbili. Ya kwanza ni mtaala. Chuo kinafundisha kilichopangwa kufundishwa: kidogo cha Word, kidogo cha Excel, kidogo cha PowerPoint, na vipindi vya mwanzo vinakwenda kwenye historia ya kompyuta na sehemu zake. Mtunza stoo wako hatagusa PowerPoint maisha yake yote, lakini ataifanyia mtihani. Ya pili ni mwendo. Dar es Salaam, aliyetoka kazini Posta saa kumi na moja jioni, akasoma Mlimani hadi saa mbili usiku, kisha akatafuta daladala ya Chanika, wiki ya tatu ataanza kukosa vipindi. Mama mwenye watoto wadogo ataacha kabla ya wote, na watu watasema hakuwa na nia.

Ila kwa mfanyakazi anayejilipia mwenyewe nakipa chuo uzito zaidi kuliko ninavyokipa kwa mwajiri. Cheti kinamfuata yeye. Akitaka kuhama au kuomba kupandishwa cheo, anacho mkononi, ilhali aliyefundishwa na mwenzake ofisini anabaki na maneno tu. Kama tayari anajua kazi lakini hana karatasi, afahamu kwamba VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na Kenya ilizindua sera yake ya jambo hilo mwaka 2024.

Kozi ya mtandaoni

Kwa bei, njia hii haina mpinzani. Microsoft Learn ni bure. Cisco Networking Academy ina kozi za bure za utangulizi wa usalama wa mtandao. Coursera ina vyeti vya Google vilivyopangwa kumalizika kwa miezi 3 hadi 6 kwa mtu anayesoma chini ya saa 10 kwa wiki. Hulipiwa kwa mwezi, kwa hiyo kila unavyochelewa ndivyo unavyolipa zaidi.

Kuandikishwa ni dakika tano, kumaliza ndiko kazi. Watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichambua kozi za Harvard na MIT kwenye jukwaa la edX na kuchapisha matokeo kwenye jarida la Science mwaka 2019. Katika mwaka wa masomo 2017–18, kati ya wote walioandikishwa, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13. Kati ya waliolipia cheti walikuwa asilimia 46. Huwezi kusema fedha ndiyo iliyowamalizisha. Pengine waliolipa ni wale waliokuwa wamedhamiria tangu mwanzo. Lakini mwajiri anayetuma kiungo cha kozi ya bure kwenye grupu na kusema "someni" asitegemee zaidi ya hiyo asilimia tatu.

Kuna mambo mengine mawili ambayo wauzaji wa kozi hawayataji. Nyingi zinafundishwa kwa Kiingereza cha haraka, na mifano ni ya duka la Marekani linalohesabu kwa dola na kodi za jimbo. Mfanyakazi anapambana na lugha, mfano na somo kwa wakati mmoja. Pia wengi hapa husomea kwenye simu. Unaweza kutazama somo la Excel kwenye simu kwa raha zako zote, lakini mkono unafunzwa na kibodi. Mtu anayemaliza video zote kwa simu kisha akakaa mbele ya kompyuta ya ofisi anaanza upya.

Palipo na swali moja mahususi, kwa mfano namna ya kuunganisha orodha mbili au kufunga seli zisiharibiwe, video fupi ya mwalimu wa Kiswahili kwenye YouTube inashinda kozi ya miezi mitatu. Hiyo ni kama kamusi, unaifungua ukikwama. Kozi kamili ya mtandaoni naipendekeza kwa mtu mmoja au wawili ofisini ambao tayari wanajiweza, na kwa sharti kwamba wanapewa saa mbili za kazi kila wiki, mlango umefungwa na simu ya mezani imepokewa na mwingine. Kumwambia mtu asome "akipata nafasi" ni kumwambia asisome.

Mkufunzi anayekuja ofisini

Chini ya jina hili kuna vitu viwili tofauti kabisa. Kimoja ni semina ya siku mbili hotelini: projekta, chai ya saa nne, picha ya pamoja, cheti cha kuhudhuria. Jumatatu mhasibu anakaa na kikokotoo chake kama kawaida. Semina ya hivyo inafaa kutambulisha mfumo mpya, ili watu waone sura yake na wapunguze hofu. Kwa kujenga ujuzi, ni fedha iliyomwagika.

Kingine ni mkufunzi anayekuja saa mbili kila wiki kwa wiki sita au nane, na anafundishia mafaili yenu wenyewe. Somo la kwanza ni daftari la mauzo la mwezi uliopita, la pili ni kulifanya lijumlishe lenyewe, la tatu ni kulilinda. Kati ya somo na somo watu wanakwama kwenye kazi halisi, na wiki inayofuata wanakuja na maswali yenye maana. Katika njia zote za kulipia, hii ndiyo ninayoiamini kuliko nyingine. Ubaya wake ni kwamba wakufunzi wa namna hiyo ni wachache, na wengi wao watakushawishi urudi kwenye siku mbili kwa sababu kwao ni rahisi zaidi.

Upande wa fedha usiachwe. Kenya, mwajiri hulipa ushuru wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anaweza kudai kurudishiwa gharama za mafunzo ikiwa mkufunzi amesajiliwa na idhini iliombwa kabla ya mafunzo kuanza. Wengi huomba baada, wakakosa. Tanzania, mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo ilishushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya malipo ya wafanyakazi, na sehemu yake huenda VETA. Kabla hujamlipa mtu binafsi, piga simu chuo cha VETA cha mkoani kwako uulize wanaweza kukupangia nini. Tayari unawachangia.

Mwenzako wa meza ya pili

Njia hii haina brosha, ndiyo maana haitajwi. Lakini ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi katika ofisi ndogo, hata pale ambapo bosi anadhani semina ndiyo iliyosaidia. Mtu amekwama saa tano asubuhi, kazi inatakiwa saa sita, na aliye karibu anajua. Hakuna chuo kinachoweza kuwahi namna hiyo.

Kinachoikwamisha ni heshima. Aliyekwama mara nyingi ni bwana hesabu wa miaka hamsini na kitu. Anayejua ni kijana wa fildi, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, aliyekuja kwa miezi miwili. Asubuhi kijana amemwamkia shikamoo, saa nne anatakiwa amwambie mzee hapa umekosea. Mzee naye hatauliza mbele ya watu, hasa mbele ya mhudumu wa chai ambaye kesho atasimulia. Atasubiri wenzake wakale mchana ndipo ajaribu, akishindwa ataiacha kazi hadi kesho, na kesho atasema umeme ulikatika.

Kosa la pili ni la kijana. "Mama, lete nikusaidie." Anashika kipanya, anabofya mara sita kwa kasi, kazi imekwisha, mama anashukuru. Mama hajajifunza kitu, na kesho atamwita tena. Baada ya mwezi kijana amechoka kuitwa na mama anajiona mzigo. Kanuni ninayoisisitiza ni ya kimwili kabisa: anayefundisha haruhusiwi kugusa kipanya wala kibodi. Anaelekeza kwa mdomo. Itachukua dakika ishirini badala ya mbili, na ni hizo ishirini unazozilipia.

Mengine yanapangika. Usichague anayejua sana, chagua mvumilivu. Yafanye mafunzo yawe ya kubadilishana: mzee anamfundisha kijana kusoma mizania na kugundua risiti iliyochezewa, kijana anamfundisha mzee Excel. Hapo hakuna anayeonekana mwanafunzi wa mwenzake, na kusema kweli kijana ndiye anayepata zaidi. Mpunguzie anayefundisha kazi nyingine, na kama mfuko unaruhusu, mwekee kitu kwenye mshahara. Kumpa jukumu la mwalimu juu ya majukumu yake yote kwa "asante" tu ni kumtuma atafute kazi kwingine. Kila kinachofundishwa kiandikwe kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na picha za skrini, kibandikwe ukutani. Akiondoka, ukurasa unabaki.

Mpaka wa njia hii ni kwamba mwenzako anakufundisha anachokijua, na makosa yake. Kama ofisi nzima inahifadhi nywila kwenye daftari moja, mgeni naye atafundishwa kuhifadhi humo. Mambo ya usalama na ya sheria ya taarifa binafsi yatoke kwa mtu wa nje.

Zikiwekwa kando kwa kando

| | Humfaa nani | Kinachogharimu zaidi | Inapoponyokea |
|---|---|---|---|
| Chuo cha jioni | Asiyejua kabisa; anayehitaji cheti | Ada, nauli na usiku wake | Wiki ya tatu |
| Kozi ya mtandaoni | Anayejiweza na mwenye kompyuta yake | Muda na bando | Hakuna anayemfuatilia |
| Mkufunzi wa kila wiki | Kundi linalofanya kazi moja | Ada ya mkufunzi | Akigeuza kuwa semina |
| Mwenzako wa meza ya pili | Karibu kila mtu, kwa kazi ya kila siku | Muda wa anayefundisha | Haya, na tabia mbaya kurithiwa |

Sijaziweka kwenye jedwali programu za vijana na shule za kuandika programu, kwa sababu zinajibu swali jingine. Ajira Digital ya Kenya, iliyoanza 2016, inawaandaa vijana kupata kazi za mtandaoni (isichanganywe na Ajira Portal ya Tanzania, ambako watu huomba kazi serikalini). Moringa School ya Nairobi, iliyoanzishwa 2014, inamfaa anayehama kutoka fani moja kwenda nyingine. Mpeleke huko anayetaka kuwa mtaalamu wa programu, si karani unayetaka afunge hesabu kwa wakati.

Na lile wazo la kuajiri kijana mmoja "wa kompyuta" ili wengine wapumzike? Linafaa kwa mwezi wa kwanza. Baada ya hapo pengo lote limehamia kwenye kiti kimoja, na mwenye kiti hicho anajua thamani yake.

Ukinibana nichague

Ofisi ya watu sita yenye fedha kidogo: mwenzako wa meza ya pili, kwa ratiba maalumu, halafu siku moja tu ya mtu wa nje kwa ajili ya usalama wa akaunti. Anayeogopa kipanya atangulizwe chuoni kwa kozi fupi, ofisi ilipe nusu ya ada na kumruhusu aondoke mapema siku za kipindi.

Ofisi ya watu thelathini, ambako kumi wanafanya kazi ileile: mkufunzi wa kila wiki kwa hao kumi, na mmoja wao anayejiweza aanze kozi ya mtandaoni sambamba ili awe wa kuulizwa mkufunzi akishaondoka. Usiwachanganye mameneja na makarani kwenye darasa moja. Meneja hatakubali kuonekana hajui, na karani hatauliza mbele yake.

Mfanyakazi anayejilipia: kama huna cheti chochote, anza na chuo, na moduli ya Excel kabla ya nyingine zote. Kama unacho, lipia kozi moja ya mtandaoni badala ya kujiandikisha kwenye tano za bure.

Mkataba na mkufunzi uwe na malipo mawili. La pili litolewe mwezi mmoja baada ya somo la mwisho, pale watu waliofundishwa watakapofunga hesabu za mwezi bila yeye kuwepo na bila kumpigia simu. Na ratiba isiangukie Juni: Tanzania serikali inafunga mwaka wa fedha tarehe 30, Kenya siku hiyohiyo ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA, na hakuna atakayehudhuria. Agosti na Septemba ni shwari zaidi. Februari pia, iwapo Ramadhani haijaangukia humo, maana vipindi vya jioni vitagongana na futari.